Bwana Nyundo, Binti Moshi na Sweta la Koku

Juzi nilinunua ndizi mbivu kwa mama mmoja sokoni hapa Mwanza ninakoishi. Nilipomenya ya kwanza nikabaki nimesimama palepale, ganda mkononi. Ilikuwa na harufu ya moshi. Si moshi wa mkaa wala wa kuni, ni ule wa majani makavu ya mgomba, mtamu kidogo, unaokwaruza koo hata baada ya kumeza.

"Vipi baba, mbovu?" mama akaniuliza.

Nikamwambia hapana, ni nzuri sana, nikaongeza chane nyingine. Sikumweleza zaidi ya hapo. Ningeanzia wapi, na watu wamepanga mstari nyuma yangu? Lakini ninyi wa rika langu, mliosoma karatasi moja darasa zima mpaka ikachanika kwenye mikunjo, nadhani mtanielewa.

Nyumbani kwetu kulikuwa chini ya mji mdogo wa Omurushaka, kama saa moja kwa miguu ya mtu mzima, katikati ya migomba na mibuni. Vitabu vya katuni havikufika kwetu kama vitabu. Vilifika kama vifungashio. Mzee Sudi, mwenye duka pale Omurushaka, alikuwa na ndugu zake Pangani, nao walimtumia marobota ya karatasi kuukuu za kufungia chumvi, dagaa na maandazi. Magazeti mengi, madaftari yaliyokwisha kuandikwa, na mara mojamoja, katikati ya hayo, ukurasa wenye picha. Tulikuwa tukitumwa chumvi tunamwomba, "Mzee, shikamoo, tufungie kwa yenye picha." Yeye alikuwa akicheka, anapekuapekua, anatupa.

Ndivyo tulivyowapata wawili wale. Bwana Nyundo tulikuwa naye kwa kurasa tano. Alikuwa mtu wa kifua kipana, kaptura imembana, ngumi zake kubwa kama vichwa vya ng'ombe. Alivunja ukuta wa ghala, akainua lori la walanguzi, akalibwaga mtoni. Binti Moshi alitoka kitabu kingine kabisa, naye tulikuwa naye kwa kurasa saba. Alikuwa msichana mwembamba mwenye macho makubwa. Maadui wakimzingira alifumba macho, akageuka moshi, akapita chini ya mlango. Nguo zake zilibaki sakafuni, zimekaa kama alivyozivaa. Ukurasa wetu wa saba uliishia moshi ukipanda darini. Jinsi alivyorudi kuwa mtu hatukujua. Ukurasa ule Mzee Sudi alikuwa amemfungia mtu mwingine chumvi yake.

Kwa kuwa hawakuwahi kukutana katika kitabu chochote, ilibidi sisi tuwakutanishe. Nani angeshinda?

Mimi nilikuwa wa Nyundo. Kiongozi wa upande wa Moshi alikuwa rafiki yangu Deo. Wazazi wake walikuwa wametoka Rwanda zamani, wakawa wanalima vibarua katika mashamba ya majirani, na Deo mwenyewe alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo. Katika mjadala hakuwa na haraka. Alikuwa akikuacha umalize maneno yako yote, kisha anauliza swali moja.

"Ngumi ikiupiga moshi, inakwenda wapi?"

"Inaupasua."

"Ukishapasuka?"

"Unakuwa vipande viwili."

"Kwa hiyo sasa ni Moshi wawili dhidi ya Nyundo mmoja."

Watoto walikuwa wakicheka mpaka wanaweka ndoo chini. Tulibishana njiani kwenda shule, tulibishana tukichuma kahawa, tulibishana kisimani. Nikasema moshi hauna mikono, atampigaje Nyundo? Deo akasema atamwingia puani, na mtu anayekohoa hawezi kupiga. Nikasema Nyundo atabana pumzi. Deo akataka tupime mtu anaweza kubana pumzi kwa muda gani. Nikabana mpaka nikaona nyota mchana.

Aliyekuwa akihesabu ni Koku, mdogo wangu, Kokushubira kwa jina lake kamili. Alikuwa hajaanza darasa la kwanza. Alijua kuhesabu mpaka ishirini tu, na akifika hapo alianza upya bila kumwambia mtu, kwa hiyo hatukujua kamwe nilibana pumzi kwa muda gani. Koku alikuwa wa Moshi, moyo wake wote. Alikuwa analala na ukurasa wa saba chini ya mkeka. Sisi wakubwa tulikuwa tunabishana kwa kupenda kushinda. Yeye alikuwa anataka kujua.

Jumamosi ninayoikumbuka, Taata (ndivyo tulivyomwita baba) alikuwa anaivisha ndizi za pombe. Shangazi yangu alikuwa anaolewa kule Nyabiyonza, na rubisi ya harusi ilikuwa juu yetu. Walichimba shimo lenye kina cha kumfika mtu kifuani, nyuma ya nyumba, wakalipasha moto kwa majani makavu ya migomba, wakalitandika majani mabichi, wakapanga ndizi. Pembeni walichimba kijishimo cha moto chenye njia ya kuingizia moshi ndani. Moshi ulikuwa unatokea upande wa pili, kwenye tundu ambalo hata mimi ningeweza kupenya. Walikuwa bado hawajafukia udongo juu. Majirani waliokuja kusaidia walikuwa wanabeba mikungu, wanaimba, wanataniana.

Sisi watoto tulikaa kwenye gogo karibu na hapo, na mjadala ukawaka. Siku hiyo Deo alikuja na hoja mpya. Alisubiri nimalize kueleza jinsi Nyundo atakavyojenga chumba cha chuma kisicho na ufa, kisha akauliza:

"Nyundo analala?"

"Kila mtu analala."

"Moshi halali. Moto ukizimwa, moshi ndio unazidi."

Watoto wote, hata wale wa upande wangu, walipiga makofi. Koku akasimama juu ya gogo akaanza kunizunguka akiimba, "Nyundo kalala! Nyundo kalala!" Nilihisi masikio yangu yakichemka. Deo sikuweza kumfanya kitu, kwa sababu alikuwa amenishinda kwa haki. Lakini Koku alikuwa mdogo wangu.

Nikamshika mkono, nikamwonyesha shimo. "Kama moshi una nguvu hivyo, ule pale. Nenda ukaingie, uwe moshi na wewe, tukuone!"

Watoto wakacheka. Koku hakucheka. Alilitazama lile tundu kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kisima. Mimi nikachukua ndoo yangu nikaenda zangu kisimani, na Deo akanifuata, kimya, kwa sababu hakuwa mtu wa kujisifu akishinda.

Tuliporudi, wakubwa walikuwa wameingia ndani kula. Uani hapakuwa na mtu. Mimi ndiye niliyetangulia, Deo alikuwa bado anapandisha ndoo yake mlimani. Nikapita nyuma ya nyumba.

Sweta la Koku lilikuwa kando ya tundu la moshi. Lilikuwa la bluu, Mama alilifuma mwenyewe. Lilikuwa limekunjwa vizuri, mikono imepishanishwa juu, na mbele yake zilikuwa ndala zake mbili, zimepangwa sawasawa, ncha zikielekea shimoni.

Nataka mnielewe hapa, maana kwa miaka mingi sikujielewa mwenyewe. Mtu mzima angeziona zile ndala angepiga kelele. Mimi sikupiga kelele. Niliziona nguo chini kama katika ukurasa wa sita, nikaona moshi unapanda taratibu kuelekea kwenye migomba, na nikaamini. Mdogo wangu amekuwa moshi. Yule mwenye kuhesabu mpaka ishirini alikuwa anatoka kidogokidogo kwenye lile tundu, na upepo wa mchana ulikuwa unamchukua, anapotelea juu ya mapaa ya watu. Na ukurasa wa kumrudisha hatuna.

Nikafanya kitu pekee nilichoona kinafaa. Nikakusanya majani mabichi, nikayasokomeza kwenye lile tundu, nikayakanyaga kwa visigino mpaka moshi ukakatika. Kisha nikapanua mikono na kulala juu yake kifudifudi, ili asitoke. Nikawa namwita chini kwa chini, mdomo wangu ukigusa majani ya moto. "Koku. Koku, kaa humohumo. Usitoke. Namtafuta Mzee Sudi, nitaupata ukurasa."

Deo akatokea na ndoo kichwani. "Unafanya nini?"

"Koku amekuwa moshi. Yumo humu ndani. Nimemziba asipeperuke."

Deo aliangalia sweta. Akaangalia ndala. Yeye ndiye aliyekuwa mtetezi wa Binti Moshi kuliko mtu yeyote njia nzima ya shule, na nilikuwa na hakika atanielewa. Ndoo ikamtoka kichwani, maji yakamwagika yote. Akakimbia kuelekea nyumbani akimwita baba yangu kwa jina langu mimi, kwa ile sauti yake ndogo, ambayo sikujua kuwa inaweza kuwa kubwa kiasi kile.

"Taata Kamugisha! Koku yumo shimoni! Koku yumo shimoni!"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimelalia.

Taata alitoka bado ana chakula mkononi. Alininyanyua kwa shati akanitupa pembeni, akayang'oa majani, kisha hakungoja chochote. Aliruka ndani ya shimo. Alikuwa anarusha ndizi nje kwa mikono mitupu, chane kwa chane, mkungu kwa mkungu, na moshi ulikuwa umemfunika mpaka kichwani. Majirani walikuwa wanamwagia maji kijishimo cha moto. Mama alipiga magoti ukingoni na kuingiza mikono, hakuwa analia, alikuwa anasema tu jina, "Koku, Koku, Koku," kama mtu anayemwamsha mtoto asubuhi. Nilisikia Taata anakohoa humo ndani. Kila alipoinua mkono nilifumba macho, nikifikiri sasa atatoka na kitu ambacho si ndizi.

Aliinua majani ya mwisho ya chini. Akasimama. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni.

"Hayumo," akasema.

Mama akaendelea kuita jina.

"Hayumo!" Safari hii alipiga kelele, akaanza kucheka na kukohoa kwa pamoja, machozi yakimtoka, na sikuweza kujua kama ni ya moshi. Kisha akatazama yale majani niliyosokomeza. "Nani aliziba hapa?"

Deo alikuwa ananiangalia. Hakunitaja. Mimi nikageukia ndala za Koku.

Watu wakatawanyika kumtafuta. Wengine walikwenda kisimani, wengine kwenye migomba ya jirani, wengine kwenye bonde. Jina la Koku lilisikika kila upande wa kilima. Mimi nilibaki nimekaa kando ya sweta. Najua leo kwamba lilikuwa jambo zuri kuwa hayumo shimoni. Lakini kwa akili yangu ya siku ile, ile imani ya kwanza ilirudi, na maana yake ilikuwa moja tu: nilichelewa kuziba, na amekwisha kupeperuka.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika kwenye gogo niliposikia kengele ya baiskeli barabarani. Ilikuwa kubwa, nyeusi, ya Mzee Sudi, naye alikuwa anaikokota kupandisha kwetu, kofia yake imeloa jasho. Nyuma, kwenye kiti cha mizigo, palikuwa na furushi la kanga. Juu ya furushi palikuwa na kichwa cha Koku. Alikuwa anakula andazi.

Mama alikaa chini. Hakudondoka, alikaa tu, palepale njiani, kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Koku alipoteremshwa akamwendea, na Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili akamnusa nywele, mara nyingi, upande huu na upande huu.

"Huyu kaja kwangu peku," Mzee Sudi alisema. "Njia yote hiyo peku! Nikadhani katumwa na mtu yuko nyuma. Namuuliza, waja kununua nini, mjukuu wangu? Aniambia hana pesa, ataka karatasi."

"Karatasi gani?" Taata aliuliza. Alikuwa ameficha mikono yake nyuma.

Koku ndiye aliyejibu, andazi likiwa shavuni. "Ya kurudi. Nilitaka kuingia, nikavua sweta. Halafu nikaona sijui anarudije. Nikaenda kuuliza kwanza."

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Hakuna aliyejua acheke au alie.

"Nikapekua duka zima," Mzee Sudi akasema, "marobota yote mawili. Haimo. Nikamwambia, ukurasa huo nimemfungia mtu, wala simkumbuki ni nani."

"Basi kama haipo, siwi," Koku akamalizia. "Na pia moshi unauma macho. Binti Moshi atakuwa analia kila siku. Atapiganaje analia?"

Hapo jirani mmoja akaangua kicheko, na kicheko kile kikapita kwa watu wote kama mvua inavyopita juu ya migomba, mpaka Mama naye akacheka, bado amekaa chini, Koku mapajani. Deo alikuja akakaa karibu nami. "Hiyo hoja sikuifikiria," akaniambia. Nikaanza kulia, kwa sauti, bila aibu, na sijawahi kulia vizuri kama siku ile. Walidhani nimeogopa kuchapwa. Mzee Sudi akanipa kipande cha andazi.

Hakuna aliyechapwa. Mama alimpaka Taata samli mikononi, na jioni ile tulikula wote chungu kimoja, Deo na wazazi wake na Mzee Sudi wakiwa pamoja nasi. Niliona watu wazima wakimtazama Koku akila, kila tonge, kama vile ni jambo la ajabu.

Lakini kilikuwa kimebaki kitu kimoja, na nilikilalia kama jiwe.

Asubuhi, baada ya ibada, Taata aliniita nyuma ya nyumba tukapange ndizi upya. Harusi ilikuwa haingoji. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa, kwa hiyo alikuwa ananielekeza na mimi nashuka shimoni kupanga. Zilikuwa zimechubuka, nyingine zimepasuka. Nilipanga safu ya kwanza, ya pili, na kichwa changu kilipokuwa chini ya usawa wa ardhi, mahali ambapo hawezi kuniona uso, nikasema.

"Taata. Mimi ndiye niliyeziba."

"Najua," akasema kutoka juu. "Visigino vyako viliungua."

Nikapanga chane nyingine. "Na mimi ndiye niliyemwambia aingie. Nilimwambia mbele ya watu. Nilikasirika."

Nilisikia anavuta jani kavu, anaachia, anavuta jingine. Nilidhani sasa ndiyo nachapwa.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa nimebeba mkungu, napita nyuma yenu. Nilisikia kila neno." Akaliachia jani. "Nikacheka, Kamugisha. Nilimsikia mwanangu anaambiwa aingie shimoni, nikacheka, nikaenda kula."

Niliinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa ukingoni, ananitazama, na uso wake haukuwa wa baba anayetoa hukumu. Ulikuwa kama wangu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu mzima anaweza kulala na jiwe lilelile, chumba cha pili, usiku uleule.

Akaninyooshea chane, akiishika kwa viwiko kwa sababu ya vitambaa.

"Panga vizuri," akasema. "Shangazi yako anangoja."

Nikaipokea.